Ushahidi wa Mifupa

Mji wa Mwanza umejengwa baina ya mawe. Buzuruga, kando ya barabara iendayo Musoma, ina hali ile ile ya vilima vya jirani zake: nyumba zimepangana kati ya majabali, na mtu atakaye kuchimba msingi hana budi kushindana na mwamba kwanza, ndipo apate udongo haba uliokusanyika katika nyufa na chini ya mawe yaliyoinama. Udongo huo ni haba, walakini si mtupu. Chini ya majabali ya namna hiyo watu wamejikinga mvua na jua kwa maelfu ya miaka. Wamekoka moto, wamevunja vyungu vyao, na yamkini pengine wamewalaza wafu wao. Soper na Golden, waliotangaza katika mwaka 1969 habari za upelelezi wao wa mambo ya kale katika mkoa wa Mwanza, walikuta katika mapango ya mawe vigae vya aina iitwayo Kansyore, kwa jina la kisiwa cha Mto Kagera. Ni vyungu vya watu waliovua, kuwinda na kuokota kome kabla ya chuma na kabla ya jembe.

Jembe la mjenzi likigonga mfupa wa mtu mahali kama hapo, madai matatu huinuka kwa pamoja. Polisi hutaka kujua kama kuna jinai iliyofichwa. Wazee wa mahali hutaka kujua kama ni mmoja wa wahenga, na kama ndivyo, ni nani aliyetoa ruhusa ya kumsumbua. Mtaalamu wa mambo ya kale, akifikiwa na habari kabla mfupa haujatupwa, jambo lisilotokea kila mara, hutaka kujua zama zake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vilivyofanywa kwa mikono ya watu. Mpaka huo wafaa kwa chungu au kwa shanga, ambavyo umbo lake hueleza wakati wake. Lakini mfupa hauna tarehe usoni. Mfupa wa aliyekufa miaka thelathini iliyopita na wa aliyekufa miaka mia tatu iliyopita huweza kufanana machoni pa watu wengi, na hata bingwa hathubutu kuamua asipojua ulilala wapi, ulilala namna gani, na ulilala pamoja na nini.

Kwa sababu hiyo kazi ya tabibu wa mahakama na kazi ya mchimbaji wa mambo ya kale zimekaribiana mno. Wote wawili huanza na maswali yale yale: Je, ni mifupa ya mtu au ya mnyama? Ni ya mtu mmoja au ya wengi waliochanganyika? Ya mwanamume au ya mwanamke, ya mtoto au ya mzee? Alikuwa na kimo gani, aliugua nini, na alikufaje? Na zana zao ni zile zile. Nyonga ndiyo shahidi bora wa jinsia, maana umbo lake kwa mwanamke limepanuliwa kwa ajili ya uzazi. Fuvu ni shahidi wa pili, tena dhaifu. Umri wa mtoto husomwa katika meno: gego la kwanza la kudumu huota kwa kadiri ya miaka sita, na mizizi yake huendelea kukua kwa utaratibu unaojulikana. Umri wa kijana husomwa katika ncha za mifupa mirefu, zinazoungana na mwili wa mfupa moja baada ya nyingine, na mtulinga kwa upande wa kifuani huwa wa mwisho, katika miaka ya ishirini na kitu. Baada ya hapo mwili hauna saa tena. Umri wa mtu mzima hukisiwa kwa kuchakaa kwa viungo na meno, na makisio hayo hupishana kwa miaka kumi au hata ishirini. Anayetoa umri wa mtu mzima kwa mwaka mmoja kamili ama anatania, ama anauza kitu.

Kimo nacho kina tatizo lake. Hesabu zinazotumiwa mara nyingi kupata kimo kutokana na urefu wa mfupa wa paja ni zile za Trotter na Gleser za mwaka 1952, zilizotokana na maiti za askari wa Marekani waliokufa katika Vita Vikuu vya Pili na mifupa iliyohifadhiwa katika mkusanyiko wa chuo kimoja cha nchi hiyo hiyo. Kumpima mvuvi wa zamani wa Ziwa Victoria kwa hesabu ya askari wa Marekani si haramu, maadamu mpimaji anakumbuka kwamba uwiano wa mguu na kiwiliwili haulingani kwa watu wote, na kwamba jibu lake ni makisio juu ya makisio.

Juu ya majeraha elimu hii ina nguvu zaidi. Mfupa mbichi una mafuta na nyuzi. Ukipigwa hupasuka kwa kingo kali na nyororo, kama ufito mbichi unavyochanika. Mfupa mkavu huvunjika kwa kingo za kukwaruza, na pahali palipovunjika hivi karibuni pana rangi nyeupe kuliko sehemu nyingine. Jeraha lililoanza kupona huonyesha mfupa mpya uliojengwa pembeni, na hiyo ni hati kwamba mwenyewe aliishi majuma au miezi baada ya pigo. Hata hivyo, kati ya pigo lililoua na mpasuko uliotokea siku chache baada ya kifo hakuna mstari dhahiri, kwa kuwa mfupa haujui saa ya mauti, hukauka polepole. Jambo hili dogo, kama litakavyoonekana, limezusha ugomvi mkubwa.

Mwanza ina shida yake ya pekee. Udongo utokanao na mawe ya matale una uchachu, na uchachu hula mfupa. Huenda pango likawa na vigae na majivu tele, na mifupa ya waliopika humo isibaki hata kipande. Penye majaa ya kome, kama yale ya ghuba ya Winam upande wa Kenya, chokaa ya makome huuondoa uchachu na mifupa hudumu. Basi kukosekana kwa mifupa katika pango la Mwanza si ushahidi kwamba hapakuzikwa mtu. Wavuvi nao huleta fumbo lingine. Umri wa mfupa hupimwa kwa kaboni yenye nunurisho, ambayo nusu yake hupotea kila miaka 5,730; lakini mtu aliyeishi kwa samaki huenda akala kaboni iliyokaa majini muda mrefu, na mfupa wake ukajitangaza kuwa mzee kuliko ulivyo. Samaki aliyeliwa maelfu ya miaka iliyopita aweza kumdanganya mtaalamu wa leo.

Palipo na bahati, mifupa hueleza mengi. Katika pango la Kakapel, magharibi ya Kenya karibu na mpaka wa Uganda, mtu aliyeishi miaka 3,900 hivi iliyopita alichunguzwa vinasaba, na matokeo yakatangazwa mwaka 2020: alikuwa wa ukoo wa wawindaji wa kale. Watu waliozikwa mahali hapo hapo katika zama za karibu zaidi walikuwa na nasaba nyingine, ya wageni waliofika na mifugo na mazao. Pango moja lilipokea mataifa mbalimbali kwa zamu. Anayedai kwamba mifupa yote ya kilima fulani ni ya babu zake, kwa sababu tu yeye ndiye akaaye kilimani, hana haki ya kudai hivyo kabla ya uchunguzi. Wala mgeni hana haki ya kumkanusha kabla ya uchunguzi huo huo.

Mashariki ya Ziwa, katika bonde la Olduvai, Mjerumani Hans Reck alipata mwaka 1913 mifupa ya mtu kamili aliyekunjwa magoti, ikiwa ndani ya tabaka la udongo la kale mno pamoja na mifupa ya wanyama waliokwisha toweka duniani. Reck akasadiki kwamba mtu yule naye alikuwa wa zama za wanyama wale. Ubishi ulidumu karibu miaka ishirini. Louis Leakey, aliyekuwa na shaka hapo kwanza, alifika bondeni pamoja na Reck mwaka 1931 akakubali; kisha udongo ulioshikamana na mifupa ulipochunguzwa upya, ulikutwa umechanganyika na udongo wa matabaka ya juu. Maana yake ilikuwa nyepesi: watu wa zama za karibu zaidi walichimba kaburi, wakamshusha mfu wao katika tabaka lisilo lake. Askari yeyote mpelelezi angaliuliza kwanza kama shimo lilichimbwa. Mabingwa wa mawe walikuwa wamesahau kwamba watu huzika.

Mfano wa Nataruk ni mgumu kuliko huo. Mahali hapo pako magharibi ya Ziwa Turkana, kilomita thelathini hivi kutoka ufuko wa sasa. Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Marta Mirazón Lahr walikuta hapo mabaki ya watu wasiopungua 27, wa miaka elfu kumi hivi iliyopita, wakati pwani ya ziwa ilipokuwa karibu. Kumi na wawili walikuwa na mifupa iliyobaki katika mpangilio wake, na watafiti walieleza kwamba kumi kati yao walikuwa na dalili za kuuawa: mafuvu yaliyopondwa, magoti na mikono iliyovunjika, na katika fuvu la mwanamume mmoja kipande cha jiwe jeusi la kioo cha volkano kilichokwama katika mfupa. Mmoja alikuwa mwanamke mjamzito, ambaye mikono na miguu yake ilikaa kana kwamba alifungwa. Matokeo yalipotangazwa Januari 2016, yalienea ulimwenguni kuwa habari ya vita vya kale kuliko vyote vilivyopata kujulikana baina ya wawindaji. Kabla ya mwaka kwisha, Stojanowski na wenzake walijibu kwamba mipasuko kadhaa ya mafuvu yaweza kuwa imetokana na uzito wa mchanga, na kwamba mahali hapo pengine palikuwa makaburi ya kawaida yaliyotumiwa kwa muda. Waliochimba wakajibu tena, wakashikilia rai yao.

Kile kipande cha jiwe hakina tafsiri mbili kwa urahisi. Hakikuingia fuvuni kwa uzito wa mchanga. Lakini kutoka mtu mmoja aliyechomwa hadi kundi zima lililofyekwa siku moja pana safari, na kila hatua yake yataka shahidi wake. Hapo ndipo mahakama na historia zinapoachana. Hakimu analazimika kuamua, kwa kuwa mshitakiwa anangoja. Ushahidi ukipungua, humwachilia. Mwanahistoria halazimiki. Aweza kuiacha kesi wazi miaka hamsini, na kama ni mwaminifu, huiacha.

Kuna mwamba mmoja katika Tanzania ambapo mambo yote haya yamekutana, nao ni Mlambalasi, katika mkoa wa Iringa. Chini ya mwamba huo, katika uchimbaji ulioanza mwaka 2002 na kuendelezwa mwaka 2006 na 2010, ilipatikana mifupa ya watu wa zama za mawe, mmojawapo mtu mzima mwenye mwili mdogo. Mifupa ilikuwa imeharibika sana. Pamela Willoughby na Elizabeth Sawchuk, waliotangaza habari zake mwaka 2015, walisoma walichoweza kukisoma: hesabu ya watu kutokana na vipande, meno, na udogo wa mifupa, na zama zake wakazitafuta kwa vitu vilivyokuwa pamoja nayo, wakasema ni za mwisho wa zama za barafu. Jina la mtu yule hawakulitafuta, wala hapakuwa na njia ya kulipata. Mwaka 2022 vinasaba kutoka Mlambalasi vilitiwa katika utafiti mkubwa wa wawindaji wa kale wa Afrika, ambao baadhi ya watu wake waliishi hadi miaka 18,000 hivi iliyopita. Ni ajabu kwamba katika joto la nchi hizi chembe hizo zilidumu. Aghalabu hudumu katika mfupa mgumu uzungukao sikio la ndani, na popote pengine hupotea.

Mwamba huo huo una kaburi la pili. Tarehe 19 Julai 1898 Mtwa Mkwawa wa Uhehe, baada ya kuwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, kupoteza ngome yake ya Kalenga mwaka 1894, na kuwindwa miaka minne porini, alijiua kwa risasi karibu na hapo ili asishikwe. Sajenti Meja Merkl alimkuta amekufa, akaamuru kichwa kikatwe na kupelekwa Iringa kwa Kapteni Tom von Prince. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi. Kichwa kilikwenda Ulaya, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliwaamuru Wajerumani wakikabidhi kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Wajerumani walisema hawakijui kilipo. Miaka ikapita zaidi ya thelathini.

Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alikwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen, ambako palikuwa na mafuvu mengi. Njia aliyotumia ilikuwa ya vipimo. Upana wa fuvu hugawanywa kwa urefu wake, na jibu huelezwa kwa sehemu za mia. Kichwa cha mjukuu, Chifu Adam Sapi, kilikuwa na sehemu 71, na katika mafuvu ya Bremen lilipatikana moja lenye sehemu 71, tena lina tundu la risasi. Likachukuliwa kuwa ndilo. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa huko Kalenga mbele ya umati mkubwa wa watu.

Ushahidi huo ukiwekwa mbele ya tabibu wa mahakama, ungesimama kwa shida. Sehemu 71 ni kipimo cha kichwa kirefu chembamba, na vichwa vya namna hiyo ni vya watu wasiohesabika katika Afrika ya Mashariki. Umbo la kichwa halirithiwi kama pete, kwa ukamilifu wake, toka babu hadi mjukuu. Mtoto wa tumbo moja aweza kupishana na nduguye. Tundu nalo laonyesha kwamba mtu alipigwa risasi, halionyeshi ni nani, na katika vita vya miaka ile waliopigwa risasi walikuwa wengi. Vipimo viwili hivyo kwa pamoja vingefaa kumwondoa asiyehusika: fuvu la sehemu 80 lingeliwekwa kando kwa haki. Kumthibitisha anayehusika ni jambo jingine. Mwaka 2020 wanahistoria Bettina Brockmeyer, Frank Edward na Holger Stoecker walifuata upya safari ya fuvu hilo katika hati za Ujerumani, Uingereza na Tanzania, wakaonyesha jinsi siasa ilivyolibeba tangu mwanzo. Serikali ya Twining ilikuwa na haja ya fuvu, fuvu likapatikana.

Walakini si haki kuwacheka waliolipokea. Watu wa Mwanza wanaelewa hali hiyo kuliko wengi. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na mji tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walikufa, na wengi walizikwa Igoma, mwendo mfupi kutoka Buzuruga kwa barabara ile ile ya Musoma. Wapo miongoni mwao walioingia kaburini bila kutambuliwa na mtu. Ndugu wa aliyepotea hasubiri uthabiti wa hesabu. Huomba kitu cha kuzika. Wahehe walikuwa wamesubiri miaka hamsini na sita, na heshima waliyoitoa Kalenga ilikuwa heshima kwa Mkwawa, liwe fuvu lake au la mtu mwingine. Lakini likiwa la mwingine, basi kuna mtu aliyezikwa kwa jina lisilo lake, na kuna jamaa mahali fulani wasiojua kwamba wao ndio waliorudishiwa mtu wao.

Swali hili limekwisha toka katika nadharia. Berlin ilihifadhi mkusanyiko wa mafuvu ya Afrika ya Mashariki yaliyochukuliwa katika enzi ya ukoloni, mengi kwa ajili ya Felix von Luschan, ambaye aliamini kwamba vipimo vya vichwa vitaeleza mataifa ya wanadamu. Watafiti wa jumba la makumbusho la huko walichunguza zaidi ya mafuvu 1,100, wakasema kwamba yapata 900 yalitoka Rwanda, 200 na kitu Tanzania, na machache Kenya. Hawakutegemea vipimo vya Luschan. Walisoma maandishi yaliyoandikwa juu ya mifupa yenyewe, barua za waliotuma, na daftari za kupokelea, kisha wakachukua vinasaba na kuvilinganisha na vya watu walio hai. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa kwamba fuvu moja, lililoandikwa neno «Akida», lililingana kikamilifu na mzao aliye hai wa Kilimanjaro. Akida huyo alikuwa mshauri wa Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Mafuvu mengine mawili yalilingana karibu kabisa na jamaa walio hai. La Mangi Meli mwenyewe halikuwamo.

Katika kazi hiyo maabara haikutangulia. Ilitanguliwa na neno moja lililoandikwa juu ya mfupa, na na jamaa waliokuwa wakijua habari za babu yao na wakakubali kutoa mate yao yapimwe. Palipokosekana maandishi na masimulizi, vinasaba havikuwa na wa kulinganishwa naye, na mafuvu mengi katika yale zaidi ya 1,100 yalibaki na jina la nchi au la wilaya tu. Fuvu la Kalenga lina vyote vitatu vinavyotakiwa: mfupa, ukoo unaojulikana, na masimulizi ya watu wake. Na chini ya mwamba wa Mlambalasi, umbali mfupi na mahali walipolala wawindaji wa zama za barafu, kuna kiwiliwili kilichozikwa bila kichwa, ambacho uti wake wa shingo ungeweza kulinganishwa na fuvu hilo siku ambayo wenyewe wangeridhia.